Kujaribu Mashine ya Miwa

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Leo tumeanza. "Tumeanza" — neno kubwa hilo. Nilitaka watu wanne chumbani, kompyuta zote mbili zimewashwa, chai mezani, kila mtu aichezee programu anavyotaka na wengine watazame na kupiga kelele. Nimepata mtu mmoja na nusu. Mtu mmoja ni Mama Dorca, karani wa ushirika wa wakulima wa miwa, aliyepanda basi Muhoroni alfajiri na kufika hapa Kisumu kabla yetu. Nusu ni Walubengo wetu, aliyeiandika programu yenyewe ya kupanga ukataji na matrekta. Alikaa pembeni amekunja mikono kama mtu aliyeletwa kortini.

Bwana Dalmas, mwenye kampuni, alichungulia mlangoni akaniuliza iko wapi orodha ya vitu vya kukagua. Nikamwambia hakuna. Tunatafuta kasoro ambazo hatuzijui bado, nitaziorodhesha vipi? Akasema Nairobi wanatumia orodha. Nairobi! Basi ahamie huko.

Lakini huyu Mama Dorca! Yeye ndiye humpa mkulima tarehe ya miwa yake kukatwa, na hajawahi kugusa kompyuta maishani. Nikamwambia Mama, fanya kazi yako kama kawaida, kitu kikikuudhi sema. Jina la kwanza tu aliloandika — Ong'injo — programu ikaanguka kifo cha mende. Ni ile alama ndogo ya juu! Nusu ya wakulima wa ushirika wanayo kwenye majina yao, na Walubengo, Mbukusu mwenzangu, aliandika programu nzima bila kuwaza kwamba iko siku Mjaluo ataingia ndani yake. Nilicheka mpaka machozi. Mama Dorca akashtuka, akaondoa mikono kwenye kibodi kama imemchoma.

"Nyathina, nimeharibu?"

Nikamwambia mwanao ndiye mimi, kweli, lakini wewe ndiye fundi, na ukiharibu nyingine kama hiyo nakununulia soda. Akaharibu nyingine tatu. Walubengo alianza kununa, baadaye akavuta kiti karibu, mwisho akawa yeye ndiye anayesema, "Mama, jaribu hapo tena." Hivyo ndivyo ninavyotaka.

Karani wa pili, Joram Ouma, yule anayepanga matrekta ya kubeba miwa, amefika saa nane wakati Mama ameshaondoka. Nilidhani ni kuchelewa tu.

Jumanne, 8 Agosti

Si kuchelewa. Mama asubuhi, Joram mchana, kama zamu za askari. Zamu zilipogongana kwa dakika chache pale getini, Joram aliingia dukani kwa Mhindi akajifanya anatazama vitambaa mpaka Mama akapita. Vitambaa vya magauni!

Nimemwuliza Walubengo, akanicheka. Ati hujui? Joram amemwoa Seline, binti wa Mama Dorca. Ng'ombe wa mahari walipelekwa Pap Onditi, nyumbani kwa akina Mama, baada ya Pasaka. Kabla ya hapo hawa wawili walifanya kazi vyumba vya jirani miaka na miaka, wakipokezana kadi za wakulima mkono kwa mkono kwenye kidirisha cha ukutani na kula githeri sufuria moja. Sasa Mama ni maro wake, mama mkwe. Hawakai chumba kimoja, hawasalimiani kwa mkono, hawatazamani usoni. Huko ushirika wamegawana siku vivyo hivyo, na wakulima wanalalamika kwamba kazi ya siku moja imekuwa ya siku mbili.

Sicheki. Kwetu Bukusu ni yaleyale — mama yangu akimwona shemeji yangu kwa mbali huacha njia akaingia kwenye miwa ya watu. Ninajua uzito wake. Lakini mimi nawahitaji wote wawili, kwa wakati mmoja, mbele ya macho yangu. Programu hii imeundwa iwatumikie pamoja. Nikimwona mmoja mmoja naona nusu ya kazi.

Jumatano, 9 Agosti

Nimeenda kwa Dalmas. Nimeongea kwa adabu, na kwangu hiyo si kazi rahisi. Nikasema tuwaweke pembe mbili za chumba, wapeane mgongo. Tutundike hata pazia. Akanitazama kama nimemtukana marehemu.

"Lornah, unataka niite mwanaume na maro yake kwa chumba moja, waguse mashine pamoja, watu wakiangalia? Wewe umesoma mpaka ukapotea? Hapo umevuka."

Nikamwuliza: na programu ikiwavuka wao? Akasema mashine haina mkwe. Nikatoka. Nimekunywa chai mbili kwa hasira na zote zilikuwa baridi.

Ijumaa, 11 Agosti

Mimi na Walubengo tumejaribu peke yetu, yeye mashine ile, mimi hii. Tumeandika, tumefuta, tumechomoa waya katikati ya kazi, tumeweka tarehe za mwaka ujao. Kila mtu na mkulima wake, kama watoto wenye adabu wanaogawana pipi. Haikuanguka. Nilipaswa kufurahi na sikufurahi. Sisi si makarani. Sijui mikono ya Joram inaenda wapi Mama anapofungua jina, na hakuna wa kunionyesha.

Dalmas ametaka niseme programu iko tayari. Nimekataa. Akasema basi atasema yeye, na akasema, kwa simu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Jumapili, 13 Agosti

Nimekwenda nyumbani Muhoroni, walikohamia wazazi wangu. Papa amezeeka tangu Krismasi — au ni mimi sikumtazama vizuri wakati ule. Baada ya kanisa alinipeleka shambani. Miwa imenipita urefu mara mbili, imefunga njia. Safari iliyopita ilingoja hadi ikatoa maua ndipo ushirika huuhuu ukaleta wakataji na trekta, ikawa kuni. Mwaka ule mdogo wangu aliacha shule.

Sasa Papa anatembea kijijini kifua mbele. Majirani wanamwita Baba Kompyuta, na yeye hawakatazi! Amemwambia kila mtu kwamba binti yake ametengeneza mashine isiyosahau mkulima. Nimemweleza mimi sikuitengeneza, kazi yangu ni kuitafutia makosa. Akacheka. Akasema hiyo ni kazi ya mama yako, na hajawahi kulipwa.

Kisha akaniuliza, taratibu, kwa jina langu la nyumbani, akiwa ameshika muwa mmoja kama anapima afya yake: "Nabalayo, mashine yako itanikumbuka?"

Nikasema itakukumbuka, Papa. Ningesema nini? Basi la kurudi Kisumu nilisimama njia nzima na sikuona hata milima.

Jumatatu, 21 Agosti

Tumefunga mashine kule ushirika. Dalmas amekuja mwenyewe, na tai. Na hapo ndipo nimeona akili yake kubwa: mashine moja chumba cha Mama Dorca, ya pili chumba cha Joram, waya umepitishwa ukutani. Kile kidirisha walichokuwa wakipitishia kadi za wakulima kimepigiliwa ubao na misumari. Sasa wanaweza kufanya kazi saa zilezile, siku nzima, na hawatakutana! Nicodemus, mwenyekiti wa ushirika, alipiga makofi. Wakulima walioko nje kwenye foleni wakapiga makofi. Dalmas akasema kwa Kiingereza kwamba teknolojia inaheshimu mila.

Yaani wiki mbili zilizopita kukaa pamoja kulikuwa mwiko hata kwa majaribio. Leo wanatumia programu kwa wakati mmoja kwa mara ya kwanza tangu izaliwe, na wanaojaribiwa ni wakulima. Nilimwambia Walubengo hivyo. Akasema, "Lornah, wacha watu wafurahi." Nikawaacha.

Ijumaa, 25 Agosti

Hakuna malalamiko. Foleni imekwisha, kazi inakwenda. Dalmas ametupeleka Dunga kula samaki. Gugu maji limefunga ufuko wa ziwa, mashua zimekwama kwenye kijani kama zimepandwa, na mama muuza ngege, samaki wa ziwani, alitutajia bei akitazama pembeni kwa aibu. Dalmas alitoa hotuba. Akasema kuna watu hupenda kutafuta nzi kwenye maziwa safi. Wote wakanigeukia. Nikala samaki wangu mpaka mwiba wa mwisho.

Alhamisi, 31 Agosti

Papa amepiga simu kutoka duka la Nakhungu. Miwa imekatwa leo! Wakataji wamefika tarehe ileile ya mashine. Alikuwa anapiga kelele kana kwamba simu haina waya na ni lazima sauti yake inifikie yenyewe. Kesho trekta. Nimemwomba Mungu msamaha kwa roho mbaya yangu. Labda kweli mimi ni wa kutafuta nzi.

Ijumaa, 1 Septemba

Trekta haijaja.

Jumapili, 3 Septemba

Nimetoka nyumbani sasa hivi, naandika kituoni, basi halijajaa.

Trekta haijaja. Miwa imelala shambani safu kwa safu, jua la Muhoroni linaichoma tangu asubuhi hadi jioni. Papa na mama wameifunika kwa majani yake, wakawa wanaimwagia maji ya mtungi. Maji ya mtungi, shamba lote lile! Nilipoinama kuinua muwa nikasikia harufu ile, kama pombe iliyoanza kuchachuka. Wiki ikiisha kiwanda hakitaipokea. Papa anajua, mimi najua.

Na si yeye peke yake. Wakulima watatu wa upande ule, wamekatiwa miwa na hakuna trekta. Na huko mbele, kwa mjane mmoja, trekta ilifika shambani ikakuta miwa imesimama haijakatwa, ikageuka ikarudi tupu. Watu wanasema Mama Dorca, maana yeye ndiye wanayemwona akitoa tarehe, amekula kitu, anawapa trekta jamaa zake wa Pap Onditi. Ati Pap Onditi wana miwa ya kupeleka Muhoroni! Lakini mtu mwenye hasira hatazami ramani. Mwenyekiti amesimamisha matrekta yote ambayo hayako kwenye karatasi ya mashine mpaka mwizi ajulikane. Hakuna kuongeza trekta kwa mdomo.

Papa hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alinisindikiza hadi barabarani, akauliza kama nimekula, akasema mashine labda imechoka. Majirani wamesimama kwenye ua wao wakitutazama, na hakuna aliyemwita jina lolote leo.

Ninaona uchungu. Basi limejaa.

Jumatatu, 4 Septemba

Nimempata Walubengo kabla hajavua koti. Nikamwambia kaa pale, mimi hapa, na leo hakuna adabu. Leo tunagombania mkulima mmoja. Akauliza kwa nini watu wawili wafungue mkulima mmoja. Nikasema sijui, fungua!

Tukafungua jina la Papa, mashine zote mbili kwa pamoja. Walubengo akaandika trekta, akahifadhi. Mimi nikaandika tarehe ya kukata, nikahifadhi. Tukafungua tena. Trekta hakuna.

Tukarudia kinyume. Tarehe hakuna.

Walubengo akajishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Mungu wangu, wa mwisho anafuta wa kwanza." Ndivyo. Kila mmoja anapewa ukurasa jinsi ulivyokuwa alipoufungua. Joram anajaza trekta. Mama, ukurasa wake umefunguliwa kabla, bado unaonyesha nafasi ya trekta ikiwa tupu. Akihifadhi tarehe yake anahifadhi na ule utupu. Mashine inafunika kazi ya Joram, na haisemi neno. Enzi za kadi haikuwezekana — kadi ilikuwa moja, ikiwa mkononi mwa Mama haiko mkononi mwa Joram, anangoja kidirishani. Na sasa nakumbuka: mkulima akifika mbele ya foleni wote wawili hushughulikia jina lake papo hapo! Ndiyo kazi yao ilivyo. Ningewaona pamoja asubuhi moja tu, moja! Mama angesema, "Joram, mbona trekta imepotea?" na mimi ningeruka kitini.

Walubengo ameomba msamaha. Nikamwambia si wewe tu. Huyu si mtu mbaya. Ameanza kurekebisha palepale bila kula.

Dalmas yeye alisikiliza amesimama. Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema wewe. Akasema vizuri, ibaki hivyo. Walubengo atapeleka diski mpya kimyakimya mwisho wa mwezi, "marekebisho ya kawaida", na tukiulizwa tutasema mtumiaji alikosea. Mtumiaji! Ana jina, mtumiaji. Nikamwuliza na miwa ya watu? Akasema kampuni ikifa miwa haitafufuka.

Jumanne, 5 Septemba

Sikuomba ruhusa. Nimepanda basi hadi ushirika.

Nilianza na Joram, chumbani mwake. Kijana amekonda. Nikamwuliza, trekta ya Mzee Wakoli, Papa wangu, uliiweka au hukuiweka? Akatazama mlango kwanza.

"Madam, mimi niliweka. Niliweka ya Wakoli na ya wale wengine. Nikirudi kuangalia, trekta imetoka."

"Ukafanya nini?"

"Nilijua ni Mama ametoa. Sasa mimi ningemwuliza nini? Mimi ni nani nimwulize maro yangu kwa nini unatoa trekta?"

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia Mwenyekiti. Akaniona mjinga. Amwambie Mwenyekiti kwamba mama mkwe wake anaharibu? Arudi kwa Seline jioni na uso gani? Na sasa mwizi anatafutwa, akisema "mimi niliweka trekta" ni sawa na kumnyoshea Mama kidole. Kwa hiyo amenyamaza, na kwa kunyamaza kwake kidole kinamwendea Mama huyohuyo. Nilimwambia hivyo. Akafunika uso kwa mikono.

Nikazunguka upande wa pili. Mama Dorca alinipa kiti chake, yeye akakaa kwenye gunia la mbolea, amekataa kabisa tubadilishane.

"Tarehe yangu ilikuwa inapotea, nyathina. Naandika, kesho haiko. Nikasema ni huyu kijana amebadilisha, ana sababu yake ya matrekta. Ametuletea ng'ombe juzi tu, nianze kumpigia kelele kwa ofisi? Msichana wangu ataishi aje kwa hiyo nyumba?"

Ubao ule wa kidirisha uko kati yao, misumari inang'aa bado. Kila mmoja alimwona mwenzake akikosea akamfichia. Walifichiana kwa heshima, vizuri kabisa, wiki mbili nzima, na wakulima wakaumia. Nimewaambia wote, mmoja mmoja, kwamba hakuna aliyefuta kitu. Mama alianza kulia bila sauti. Akasema tangu Jumamosi hajaenda sokoni kwa sababu ya maneno ya watu.

Mwenyekiti ameitisha kikao kesho. Ikithibitika ni mashine, wanarudi kwenye kadi mchana uleule na matrekta yanatoka. Kiwanda kimekubali kupokea miwa iliyolala hadi kesho jioni, si zaidi. Isipothibitika, Mama anafukuzwa kazi na uchunguzi unaendelea. Uchunguzi! Miwa ya Papa haina uchunguzi ndani yake.

Jumatano, 6 Septemba

Naandika nikiwa humuhumu ndani ya kikao. Hakuna kingine ninachoweza kufanya na mikono yangu.

Tumeanza saa nne. Kamati mbele, wakulima kwenye mabenchi nyuma, Papa katikati yao na koti lake la kanisani. Mimi na Walubengo — amekuja, najua Dalmas atamfanya nini na amekuja — tulileta mashine zote mbili chumba hiki na kuwaonyesha. Tulifungua jina, tukaandika, trekta ikapotea. Watu wakaguna. Nikadhani imekwisha.

Dalmas akasimama. Akasema kwa upole, kama daktari, kwamba hawa vijana wake ni wajuzi, wanaweza kuifanya mashine ilie au icheke, lakini katika kazi ya kawaida ya makarani jambo hilo haliwezi kutokea. Alinitazama usoni akisema hivyo. Sikujua kwamba ninaweza kumchukia mtu kwa urahisi hivyo.

Mwenyekiti Nicodemus akakuna shingo. Akasema yeye haamini watu wa Kisumu, hawa wala wale. Anaamini makarani wake. Waletwe wote wawili, wakae kwenye mashine, wafanye kazi yao kama siku zote, mbele ya macho ya watu. Kama trekta itapotea, ni mashine.

Wote wanajua. Mzee mmoja nyuma akasema kwa Dholuo neno lenye maro ndani yake na wengine wakaitikia chini chini. Mimi nilikuwa nimeomba jambo hili tangu mwezi jana. Sasa limekuja namna hii, na watu sitini wakitazama.

Mama Dorca alisimama kwanza. Hakungoja kuitwa mara ya pili. Alitembea mpaka kwenye mashine yake, akakaa, akaomba nimwekee kidole cha kwanza kwenye herufi ya kwanza. Nikaweka. Ndipo akavuta leso kutoka mabegani, akajifunika kichwa na uso wote, mikono tu ikabaki nje juu ya kibodi. Akasema kutoka ndani, "Mwambieni aingie. Mimi siko."

Joram, aliyekuwa akingoja nje, aliingia ubavu-ubavu, macho sakafuni. Walubengo alimvutia kiti mbali kadiri waya ulivyoruhusu, na waya ni mfupi. Jasho lilikuwa likimtoka mpaka kwenye kola.

Hapo Papa akasimama. Ameshika kofia. Akanisemesha mimi, si Mwenyekiti, na kwa Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Nabalayo, ni miwa yangu inafanya hii?"

"Ni ya watu wote, Papa."

"Yangu itoe. Wacha ikauke. Mimi siwezi kula kitu ya kumvua mama nguo mbele ya mkwe wake."

Akatoka. Wawili watatu wakamfuata. Nilitaka kumfokea — kwamba nimefanya haya yote kwa ajili yake, kwamba ametembea kifua mbele kwa jina langu na sasa ananiacha hapa nionekane mtu asiye na kwao! Nikabaki nimesimama. Mwenyekiti akasema tuendelee. Nikamtajia Joram jina, nikamtajia Mama jina, wote wakafungua. Joram akaandika trekta. Nikasikia kidole chake kikihifadhi. Nikasema Mama, sasa.

Stima ikapotea.

Hiyo ni zaidi ya saa moja iliyopita. Kiwanda nacho kimezimika, hata king'ora hakilii. Mwenyekiti amesema mtu asitoke, stima ikirudi tumalizie, hataki waitwe mara ya pili. Dalmas anajipepea na faili na ana sura ya mtu aliyesamehewa. Mbele kuna joto, inzi, na hawa wawili wamekaa bega karibu na bega mbele ya skrini nyeusi. Dirishani naona mgongo wa Papa, amekaa ngazini, hageuki. Saa saba na nusu. Trekta kutoka hapa hadi shambani, kupakia, hadi kiwandani — sitaki kuhesabu.

Mama Dorca hajafunua uso. Leso inaingia na kutoka mdomoni anapopumua. Sasa hivi ameniita.

"Nyathina, stima imerudi?"

"Bado, Mama."

"Na yeye bado yuko?"

"Yuko."

Halafu akasema, "Mwambie ero kamano. Mwambie ni asante kwa kukubali kuja."

Joram yuko hatua moja kutoka kwake. Amesikia kila neno. Ameinua macho, ananitazama, ananingoja nimwambie.